Shauri la Taa

Tulimzika Baba Mkubwa siku ya Jumatano, na Alhamisi asubuhi umeme ukakatika. Halikuwa jambo la ajabu. Kijijini kwetu, huku juu ya Makanya, tangu nguzo zifike tumezoea kukaa siku mbili tatu bila umeme na hakuna anayeuliza. Lakini safari hii walikuwapo wajukuu waliotoka Dar na Arusha na simu zao, na simu zilipoanza kuzima wakakaa kwenye mabenchi ya matanga pale uwanjani, wakaanza kubishana. Mmoja akasema ukifunga sola nyumbani leo hela yako inarudi yenyewe. Mwingine akasema huo ni upuuzi, betri zinakufa, na huku milimani ukungu ukikaa wiki nzima utachaji nini, mawingu? Mimi nilikuwa napita na sinia la vikombe. "Aunti, eti sola inalipa au hailipi?" akaniuliza mmoja wao. Nikamwambia aache kelele, kuna wazee wamelala ndani. Wakacheka kidogo kwa adabu. Nikapeleka sinia langu nyuma ya jiko la nje, nikaliweka juu ya jiwe, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Neno hilohilo lilibishaniwa ndani ya nyumba hiyohiyo mwaka niliokuwa na miaka ishirini. Tulikuwa watu watatu tu: Baba Mkubwa, ambaye nilimwita Bamkubwa, mkewe Mamkubwa, na mimi. Tulibishana karibu mwaka mzima. Nimeishi miaka mingi tangu wakati huo, nimeolewa, nimezaa, nimezika, na ukiniuliza ni mwaka gani ulionifanya niwe mtu huyu niliye, pamoja na ubaya wake, nitakutajia ule. Nilikwenda kwao baada ya matokeo ya kidato cha nne, matokeo ambayo hata leo sipendi kuyasema mbele ya watu. Nilipewa chumba cha uani chenye dirisha la mbao na kitanda cha kamba, nikaambiwa nimsaidie Mamkubwa. Mengine ya nyuma ya hapo hayana kazi hapa.

Nyumba yao nilikuwa naijua kwa harufu kabla ya kuijua kwa macho. Sebuleni kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa na ya sufi, kwa sababu Mamkubwa alikuwa anafuma masweta ya wanafunzi. Huku kwetu baridi ya mwezi wa saba si mchezo, na hakuna mzazi aliyempeleka mtoto shule bila kupita kwake. Mchana alikuwa shambani kwenye tangawizi, kwa hiyo kufuma kulikuwa kazi ya jioni. Alikaa kwenye kiti chake karibu na meza, kibatari kimeinuliwa juu ya kopo la maziwa ya unga, sindano mbili zinagongana, na moshi wa kibatari unapanda moja kwa moja mpaka kwenye boriti iliyokuwa imeshakuwa nyeusi kama chungu. Tukila makande, tulikula kwa kukadiria. Unapeleka mkono palipo bakuli kwa mazoea. Ukikosea ukashika kikombe cha mwenzako, mnacheka. Katika nyumba ile sote tulipapasa, na hakuna aliyeona ajabu mtu mwingine akipapasa.

Bamkubwa alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa amekaa miaka mingi kwenye baraza la kata, akisikiliza kesi za mipaka, za mifereji, za mbuzi walioingia kwenye mahindi ya watu. Makabila mengine hututania sisi Wapare kwamba tunauza ng'ombe ili tufuatilie kesi ya kuku. Bamkubwa hakuona kwamba huo ni utani. Alisema, "Kumbe waiache? Haki ni haki, hata ya kuku." Basi yule mzee, hata alipostaafu barazani, baraza halikustaafu ndani yake. Hakuna jambo lililoamuliwa nyumbani kwake bila kusikilizwa pande zote. Kama ni kubadilisha mbegu ya maharage, kulikuwa na mashahidi. Kama ni kuhamisha choo, tulikwenda kuona eneo la tukio.

Kwa hiyo Mamkubwa aliposema, Jumapili moja ya mwezi wa kwanza tukiwa tumemaliza kula, "Baba, mimi naomba tufunge sola," mume wake hakujibu ndiyo wala hapana. Alifuta midomo, akaniambia nilete daftari.

"Karani, andika," akaniambia. "Shauri la taa. Mlalamikaji, mama mwenye nyumba."

"Namlalamikia nani?" Mamkubwa akauliza.

"Giza."

"Loo! Na giza litajitetea lenyewe?"

"Litatetewa na mimi, mpaka itakapothibitishwa vinginevyo."

Mamkubwa alicheka mpaka akashika ubavu. Na mimi nilicheka, nikaandika. Nilikuwa na mwandiko mzuri, hicho ndicho kitu pekee nilichotoka nacho shule, na kuitwa karani kulinipendeza kuliko nilivyotaka ionekane. Gharama yake ilijulikana siku ileile: mtamba wetu wa pekee, yule mwenye paji jeupe, ambaye angezaa mwaka unaofuata. Ukimuuza unapata paneli moja, betri, balbu tatu na nauli ya fundi. Ukimwacha unapata maziwa na ndama, na unaendelea na kibatari. Hayo ndiyo yalikuwa kwenye mizani, na sikuona kwamba kulikuwa na jambo jingine.

Jumapili zilizofuata tukasikiliza mashahidi. Wa kwanza alikuwa Mama Nuru, jirani yetu wa upande wa chini, ambaye mwanawe alimletea kipaneli kidogo kutoka mjini. Alikaa kwenye kiti cha kitambaa cheupe, akapewa chai ya tangawizi, akasema ukweli bila kuongeza chumvi. Wakati wa jua, taa nzuri, anasoma hata maandishi madogo ya kitabu cha nyimbo. "Lakini mwezi wa sita na wa saba, jamani, ukungu ukishuka taa yangu inazima kabla sijamaliza kula. Nabaki na mfupa mkononi sijui nyama iko wapi." Nikaandika. Bamkubwa akasema upande wa giza umepata pointi. Wiki nyingine akanichukua tukashuka Makanya, kwa Mzee Jumanne, rafiki yake wa zamani aliyekuwa anauza samaki wakavu kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu na alikuwa na paneli kubwa juu ya duka. Chini kule joto lilitupokea kama mlango wa tanuri. Mzee Jumanne aliitikia shikamoo yangu, akatuwekea maji, akamsikiliza Bamkubwa akieleza shauri tangu mwanzo, kisha akacheka.

"Sheikh, huku kwetu jua hatulitafuti, linatutafuta lenyewe. Mimi sola hainidai kitu," akasema. "Lakini nyie watu wa juu! Mna mvua, mna migomba, mna baridi ya bure, na jua mnalitaka? Acheni uroho."

"Jibu swali," Bamkubwa akamwambia. "Betri inakaa muda gani?"

"Inategemea unaila vipi. Betri ni kama ndiva yenu ile, bwawa lenu la kumwagilia. Ukifungulia maji mpaka tope, siku moja utafungulia na hapatakuwa na kitu. Ukiacha kidogo kila siku, inakaa."

Bamkubwa alilipenda jibu hilo kuliko yote. Njia nzima ya kupanda mlima alikuwa analirudia, kwa sababu ndiva alikuwa anaijua. Alikuwa amesuluhisha ugomvi wa zamu za maji maisha yake yote, na ghafla kile kitu cha kizungu kilikuwa kitu ambacho babu zake wangekielewa. Aliponiambia, "Sasa naanza kumsikia mama yako," nilijua mtamba anaondoka.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Lilibaki swali moja, la nguzo. Kila mtu alikuwa anasema umeme wa nguzo unakuja mlimani, na Bamkubwa alisema haiwezekani baraza likauza mtamba mwezi wa pili halafu nguzo zifike mwezi wa tatu, tutachekwa. Akanituma Same mjini nikaulize ofisi ya umeme. Nilishuka na pikapu ya alfajiri iliyobeba tangawizi. Nilikuwa na rafiki yangu wa shule, Zaina, aliyepanga chumba nyuma ya stendi, nikasema nipite kwake ninawe uso kwanza. Chumba chake kilikuwa na feni, televisheni, na pasi ya umeme. Nilikaa kwenye zulia lake feni ikinipepea, tukala chipsi mayai, tukaangalia tamthilia moja mpaka mwisho, akanipigia pasi gauni langu huku linatoa mvuke. Nakumbuka nilivyolivaa likiwa bado la moto. Nilimwambia nyumbani wanataka kufunga sola. Zaina akanicheka. "Sola? Sola hata pasi haiwashi. Hiyo ni taa ya kuku." Nilipotazama saa, pikapu ya kurudi ilikuwa imebakiza dakika chache. Ofisini sikufika. Sikufika hata kwenye mlango wake.

Ningeweza kusema nimechelewa. Hilo tu. Bamkubwa angekasirika, angenituma tena wiki inayofuata. Lakini njia nzima ya kupanda nilikuwa nafikiria feni na pasi, na nilikuwa naona aibu kwa siku nzima niliyoipoteza, na vitu hivyo viwili vikashikana mikono. Jumapili, karani akawa shahidi. Nilikaa kwenye kile kiti cha kitambaa cheupe.

"Umefika ofisini?"

"Nimefika, Bamkubwa."

"Wamesemaje?"

"Nguzo zinakuja mwezi wa sita."

"Wamesema kwa mdomo, au umeona?"

Alikuwa ananifundisha, maskini, tofauti ya ushahidi wa kusikia na ushahidi wa kuona. Nikamjibu, "Nimeona jina la kijiji chetu kwenye orodha. Imebandikwa ukutani." Nikayaandika mwenyewe kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri. Mamkubwa alikuwa anafuma, sindano zikasimama, kisha zikaendelea. Bamkubwa akasema shauri linaahirishwa mpaka mwezi wa sita, kwani hakuna haja ya kuchimba kisima mto ukiwa njiani. Akatushukuru wote kwa utulivu. Nililala vizuri usiku ule, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Masika yakaingia. Mwezi wa nne mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo, tukawa tunakaa jikoni nje, karibu na moto, mahindi ya mbegu yananing'inia juu yetu. Adhuhuri moja Mamkubwa alinipa sweta la mtoto alilolimaliza jana yake, akaniambia niliangalie mishono. Nikaliangalia. Mkono wa kushoto ulikuwa na matundu matatu, na mstari wa kijani wa kwenye shingo ulikuwa umepanda na kushuka. Sikujua niseme nini kwa mtu aliyefuma tangu kabla sijazaliwa.

"Pako sawa?" akauliza.

"Pamekosewa kidogo hapa."

"Kidogo?"

Akalichukua sweta, akaanza kulifumua taratibu, sufi inarudi kuwa uzi kwenye mapaja yake. Akaniambia, bila kuniangalia, kwamba macho yake yanafunga. Alishuka na akina mama wa kanisa kabla ya Krismasi, walipokuja madaktari wa macho, akaambiwa ni presha ya macho, imekaa ndani kimya miaka mingi. Dawa ya matone aliyopewa ni ya kuzuia kidogo, siyo ya kurudisha. "Pembeni sioni tena. Naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Na hilo tundu nalo linazibwa. Mchana nafuata weupe. Jioni, kwa kibatari, simwoni mtu. Nawajua kwa sauti." Akavuta uzi. "Sikuomba sola kwa ajili ya masweta. Nilitaka niwaone jioni, nyie mkiwa mmekaa. Mchana baba yako yuko kwenye vikao vyake, nani anamwona? Ni jioni tu ndiyo anakaa mbele yangu. Nilitaka nimwangalie kabla."

Nilimuuliza kwa nini hajamwambia. Nilikuwa nalia, na nadhani alidhani nalia kwa ajili yake.

"Nikimwambia atauza ng'ombe na shamba tukazunguke kwenye mabenchi ya hospitali, Moshi mpaka Dar. Na mimi nimeshaambiwa jibu. Halafu nitashinda kesi kwa huruma. Sitaki. Nimeomba taa kama mke, anipe kama mke." Kisha akacheka kidogo. "Na wewe umesema nguzo zinakuja mwezi wa sita. Mwezi wa sita si mbali. Nitafika."

Nimejiuliza mara nyingi, na ninapoandika haya najiuliza bado, mdomo wangu ulikuwa na nini siku ile. Tulikuwa wawili, mvua inanyesha, hakuna anayetusikia. Ilitosha kusema, Mamkubwa, sikufika ofisini. Angenipiga kofi, angenisamehe, Jumapili ile ile kesi ingefunguliwa. Nilisema, "Pole, Mamkubwa." Akasema, "Asante, mwanangu." Na kwa kuwa sikusema siku ile, siku iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi, na wiki iliyofuata ikawa haiwezekani kabisa. Nilijua sasa uongo wangu unakula nini. Kila jioni ilipoingia na kibatari kikawashwa, nilijua ni jioni moja imetoka kwenye zile alizobakiwa nazo, na mimi ndiye niliyeitoa.

Mwezi wa sita ukaja na ukungu wake, nguzo hazikuja. Bamkubwa akauliza, nikasema nimesikia wamesogeza mbele. Akatingisha kichwa. Mwezi wa saba ulikuwa wa baridi kali. Mamkubwa aliacha kufuma, akasema vidole vinamuuma, na watu wakamwamini. Alikuwa anajua nyumba yake yote kwa hatua: kutoka kitini hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi jikoni, mtungi uko wapi, chumvi iko wapi. Mchana alikaa kizingitini akachambua maharage kwa vidole, na aliyepita akamsalimia aliitikia kwa jina, kwa sauti tu. Jioni hakuwa tofauti na sisi. Kwenye nyumba ya kibatari kila mtu ni kipofu nusu, kwa hiyo giza lilelile alilolilalamikia ndilo lililomficha. Nilikuwa mtu pekee aliyejua, na kazi yangu ikawa kumsogezea kikombe bila mtu kuona.

Mwezi wa tisa, siku ambayo hakumwambia mtu, Bamkubwa alishuka Same mwenyewe. Alirudi jioni, viatu vyeupe kwa vumbi la kule. Nilimletea maji ya kunawa, akanawa polepole sana, hakuniangalia. Nilijua. Nilisimama pale nimeshika jagi. Akala, akaomba, akalala. Jumapili akaniambia nilete daftari. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye mfuko, nasubiri kufukuzwa. Akavaa miwani, akasoma kurasa zote kimya, kuanzia ya kwanza. Kisha akasema, "Karani, andika uamuzi. Baraza limepitia ushahidi wote. Limeona kuna ushahidi mmoja haufai, na limeufuta. Halina sababu ya kusema ni upi. Mlalamikaji ameshinda. Mtamba auzwe." Nikaandika. Machozi yalidondoka kwenye wino ukatawanyika, naye akajifanya anatafuta kitu mfukoni mwa koti.

Mtamba aliuzwa gulioni, na fundi akapanda kutoka Same na paneli imefungwa kwenye blanketi. Alishinda juu ya bati kutwa nzima akigonga. Balbu moja akaiweka sebuleni juu ya meza, moja jikoni, moja chumbani kwao. Swichi ya sebuleni akaiweka karibu na mlango. Alipoondoka ilikuwa saa kumi na moja, jua bado lipo, lakini Bamkubwa alikataa kuwasha. Alisema tuoge kwanza, tubadilishe nguo, tule, tuombe, ndipo iwashwe. Alikuwa na furaha kama bwana harusi. Siku hiyo kibatari hakikuwashwa. Tulikula makande gizani tukicheka, akaomba sala ndefu, akataja kila aliyehusika, hadi mtamba. Nikasikia anainuka, anakwenda mlangoni. Swichi ikalia, ta.

Mwanga ule ulikuwa mweupe, mkali kwa macho yetu yaliyozoea moshi. Nikaona masizi ya kwenye boriti, nyufa za ukutani, na vitambaa vya viti ambavyo kumbe vilikuwa vimeshakuwa rangi ya chai. Na nikamwona Mamkubwa. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, ametabasamu kwa tabasamu kubwa la sherehe, na uso wake wote ameuelekeza mlangoni, kwenye swichi, kule alikosikia mlio. Balbu ilikuwa juu ya kichwa chake. "Imependeza," akasema, akiutazama ukuta. "Baba, imependeza kweli. Asante." Nilikuwa nimesali mwezi mzima kwamba angalau kidogo kimebaki, angalau mwanga tu. Hakikubaki kitu. Miezi minane mapema, kwa lile tundu lake, angemwona. Nikainamisha kichwa nikaangalia sakafu, saruji ile iliyopasuka, na sikukiinua. Kisha nikaisikia sauti ya Bamkubwa, ya chini, "Nashukuru umeipenda, mama." Akavuta kiti, akakaa karibu naye.

Hawakuwahi kuzungumza jambo hilo mbele yangu. Tangu kesho yake alianza kumshika mkono kwenda kanisani, kana kwamba wamekubaliana zamani. Kila jioni aliwasha taa ile, akamsomea nyimbo na habari za kwenye gazeti la kufungia sukari, akizima mapema ili betri isifike tope. Niliondoka mwaka uliofuata, nikaenda kujitafutia maisha. Daktari mmoja wa macho, miaka mingi baadaye, aliniambia taa isingeokoa hata siku moja ya macho yale. Nilimwambia najua. Sikuwa nimemuuliza hilo.

Basi Alhamisi ile ya matanga, nilipomaliza kulia nyuma ya jiko, nilinawa uso nikaingia chumbani kwa Mamkubwa. Alikuwa amekaa kitandani, kanga nyeusi mabegani, wale akina mama waliokuwa naye wametoka kula. Amekuwa mdogo sana. Nilipiga magoti sakafuni, nikamshika miguu, nikamwambia yote: Zaina, feni, orodha isiyokuwapo. Nilisema haraka kama mtu anayetapika. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake juu ya kichwa changu.

"Aliniambia siku ileile aliyotoka Same," akasema. "Tulikubaliana tukuache. Ulikuwa mtoto."

"Mamkubwa, nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani, hata miaka yako sijui sasa ni mingapi." Akapapasa uso wangu, paji, pua, kidevu. Kisha mkono wake ukatulia, na sauti ikabadilika, ikawa kama ya msichana anayeona haya kuuliza. "Lakini kuna kitu nimekuwa nataka nikuulize, nikaona nisikuulize yeye akiwa hai. Jioni ile. Alipowasha, akageuka akaniona mimi naangalia mlango. Uso wake ulikuwaje?"

Nilitafuta. Mungu ni shahidi nilitafuta kila mahali. Nilikuta masizi, nyufa, vitambaa, sakafu.

"Sikumwangalia, Mamkubwa. Niliinama. Niliona aibu."

Nje wale vijana walikuwa wanashangilia, umeme ulikuwa umerudi. Alivuta kanga yake, akaifunga vizuri kifuani.

"Basi," akasema, "hakuna aliyemwona."